Kengele Haiombi: Rabai, Frere Town na Shule ya Sebuleni

Makanga wa matatu za Kisauni hutaja jina moja mara mia kwa siku bila kulifikiria: "Kengeleni! Kengeleni kuna mtu?" Hata wewe umeshashuka pale, labda ukienda Kongowea kutafuta mitumba ya bei poa. Sasa niambie ukweli, ushawahi kuinua macho ukaitafuta kengele yenyewe? Ipo. Imening'inia kando ya barabara, na watu wanaipita kama vile ni nguzo ya stima.

Nataka tuanzie hapo, halafu tuiache tupande Rabai, manake story ninayoitaka iko Rabai. Mimi ni mtoto wa Magongo. Kwetu upande wa Changamwe ukitaka kwenda Rabai huhitaji hata kuvuka kisiwa: Mikindani, Jomvu, Miritini, Mazeras, unaiacha barabara ya Nairobi, umefika. Lakini shuleni tulifundishwa Rabai kama swali la mtihani tu. Nani alifika wa kwanza, mwaka gani, alama mbili. Umemaliza, umesahau.

Kilichonirudisha huko ni ubishi. Majuzi kwenye kikao cha vijana kanisani mmoja wetu aliuliza: mzazi Mkristo anayemtoa mtoto shule akamfundisha mwenyewe nyumbani, huyo ana imani ama anamharibia mtoto maisha? Kikao kikawaka. Mwenzetu mmoja akasimama akasema hayo mambo ya kuamka alfajiri, kusali na watoto halafu kufungua vitabu mezani ni mambo ya Wazungu wa Marekani, yameingia kwa simu, huku kwetu hayana mizizi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nina sababu zangu, moja ni ya kifamilia na nitaisema, lakini ya kwanza ni kwamba huyo jamaa amekosea historia. Huku pwani bara, darasa la Kikristo lilianzia nyumbani, na lilianza kwa sala.

Sasa kengele.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga biashara ya watumwa baharini. Aliyetumwa mwanzo kumbana ni Sir Bartle Frere, na huyo ndiye mwenye jina la Frere Town. Manowari za Kiingereza zilikuwa zinakamata majahazi yenye watumwa, swali likawa: hawa watu wapelekwe wapi? Kwao ni mbali, wengine walichukuliwa wakiwa wadogo hata njia hawaijui. Chama cha wamishenari cha CMS kikamtuma William Salter Price, akafika Mombasa mwishoni mwa 1874, ardhi ikanunuliwa ng'ambo ya kisiwa, na 1875 mji wa watu huru ukaanza. Katika kundi moja tu la mwaka huo walishushwa zaidi ya watu 200, wengi wao watoto.

Fikiria hiyo picha kidogo. Watoto wasio na mama wala baba, kila mmoja na lugha yake, Wayao, Wanyasa, Wamakua, wote wamewekwa uwanja mmoja. Hakuna nyumba ya kurudi. Kwa hivyo mji ukaendeshwa kwa kengele. Kengele ya kazi, kengele ya darasa, kengele ya kusali. Watu wa Kisauni wanakwambia pia ililia kuonya wakati wakamata watumwa walipokuja, na ndiyo maana jina limeganda mpaka leo.

Siwezi kuidharau Frere Town. Familia ya Mbotela ilitoka huko, James Juma Mbotela aliandika Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa na mtoto wa waliookolewa, na kutoka ukoo huo huo tukampata Leonard Mambo Mbotela wa redio, yule wa "Je, Huu ni Ungwana?" aliyefariki Februari 2025. Si haba.

Lakini kuna sehemu ambayo hatukuisoma shuleni. Baada ya Price kuondoka, msimamizi wa mji alikuwa Mwingereza anayeitwa J. R. Streeter. Hakuwa kasisi. Alikuwa mtu wa shamba na nidhamu. Chini yake watu huru walichapwa viboko, wakafungwa, wengine kwa makosa madogo mno, mpaka 1881 serikali ya Uingereza ikaingilia na kuchunguza, akaondolewa, na Price akalazimika kurudi kusafisha. Watu walioponyoka pingu za jahazi wanakutana na kiboko cha mishenari. Na sala za kila siku zilikuwa zinaendelea! Kengele ililia vilevile. Kama kuhuishwa kiroho kungekuwa ni suala la ratiba, Frere Town ya 1880 ingekuwa mbinguni.

Hilo liweke mfukoni. Sasa twende Rabai, tena turudi nyuma miaka thelathini na kitu.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, alihamia Mombasa Mei 1844 na mkewe Rosina, akiwa mjamzito. Mwezi wa pili tu, Julai, homa ikaingia nyumbani. Rosina akajifungua binti, na siku chache baadaye mama akafa, kisha mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa hiyo hiyo. Aliwazika ng'ambo, upande wa bara. Ukienda Nyali leo kaburi lipo.

Sitaki kumfanya malaika, alikuwa na kichwa kigumu na alitudharau sana katika maandishi yake. Hata neno "Wanyika" alilotumia kwa Wamijikenda ni neno la kuwaita watu wa porini. Lakini tazama alichokuwa akifanya. Juni ya mwaka huo huo, kabla ya msiba, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Ndiyo, kadhi. Na hilo halinishangazi. Mtu anayetaka kufundisha dini na herufi kwa pamoja, hapa Mombasa angejifunza kwa nani kama si kwa watu waliokuwa wakifanya hivyo karne nyingi? Chuo cha Kurani kilikuwa barazani kwa mwalimu. Mtoto anakaa kwenye mkeka, anajifunza alifu, be, te, na kabla hajajua kuandika jina lake ameshajua kusali. Mpaka leo hapa Magongo watoto wa jirani zangu wakitoka shule saa kumi wanabadilisha nguo wanaenda chuoni, na mara nyingi chuo chenyewe ni nyumba ya mtu. Kwa hivyo tukisema kusomesha nyumbani kwa sala ni kitu cha Marekani tunawatukana pia hao.

Agosti 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann wakahamia Rabai. Mwaka 1848 wakachapisha huko Bombay kitabu kidogo cha kuanzia kusoma kwa Kinyika, na ndani ya jalada hilo hilo wakatia katekisimu. Herufi na imani, kitabu kimoja. Mwaka huo huo Injili ya Luka ikachapishwa kwa Kinyika. Na 1854, huko Tübingen Ujerumani, zikatoka kwa Kiswahili sala za asubuhi na jioni za Kanisa la Kiingereza, kazi ya Krapf. Hebu ona mpangilio wake. Kabla ya kuwa na shule ya maana, kabla ya kanisa lililojaa watu, kulikuwa na kitabu cha sala ya asubuhi na jioni kwa Kiswahili. Nani angekisoma? Wakati huo, karibu hakuna.

Neno lenyewe "kusoma" lina siri yake. Kule Buganda, wamishenari walipofika, Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji, na okusoma kwa Kiganda ni kusoma na pia ni kwenda kusali. Neno moja. Na sisi waswahili tukisema mtu "amesomewa" hatumaanishi amesomewa gazeti. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, na kila shangazi akiniuliza "wewe umesoma mpaka wapi?" huwa natamani kumjibu kwa Kiganda.

Tuendelee. Rabai ilikuwa kimya. Watoto walikuja darasani leo, kesho wapo shambani, keshokutwa kuna ngoma. Hakuna kengele iliyowashika. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu, ambaye hakuweza kwenda vitani wala kulima kama wenzake, akawa anakaa na kuzungumza na Krapf, maswali kwa maswali. Alibatizwa 1851 akiwa karibu kufa. Na kupitia mazungumzo ya Mringe akaja mwengine, Abe Gunja.

Simama kidogo kwenye hilo jina. Abe, kwa watu wa Rabai na Wagiriama, ni namna ya kumwita mtu baba wa fulani. Unamjua Mekatilili, sivyo? Me- ni mama. Mekatilili ni mama wa Katilili. Basi Abe Gunja ni baba Gunja. Wakristo wa kwanza kabisa wa pwani bara wametufikia na majina ya uzazi. Hawakuandikwa kama wanafunzi wa darasa fulani. Waliandikwa kama baba wa watoto fulani. Siwezi kusema hiyo ilipangwa, ni desturi tu ya kuitana, lakini inakuonyesha neno liliingilia mlango gani. Liliingilia mlango wa nyumba.

Krapf aliondoka 1853, mwili umekataa. Rebmann akabaki. Jamaa huyu ndiye Mzungu aliyeripoti theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, wasomi wa London wakamcheka eti theluji gani iko karibu na ikweta. Angeweza kurudi kwao kuwabishia kwa raha zake. Alikaa Rabai. Aliwasili 1846 na akaondoka 1875, hesabu mwenyewe, miaka 29, bila kurudi kwao hata mara moja kwa likizo. Alimwoa Emma Tyler 1851, wakazaa mtoto mmoja akafa mchanga, na Emma akafa Rabai 1866. Miaka mizima idadi ya waumini wake ingetosha kwenye probox moja. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusali, kuandika maneno, kufundisha wachache waliotaka kuja. Alikaa na mtu mmoja aliyekuwa mtumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa, anaitwa Salimini, akimuuliza neno baada ya neno, mpaka ikapatikana kamusi ya Kinyasa iliyochapishwa 1877, Rebmann ameshakufa.

Sasa hivi sisi tukipandisha video ikapata watazamaji arobaini tunaifuta. Haya.

Lakini mtu ninayemtaka hasa ni Abe Ngoa. Baba Ngoa. Mgiriama aliyepata mafundisho ya Rabai, na katika miaka ya 1870 akawa na kundi la waumini kwao Godoma, ndani kabisa Ugiriamani. Hakukuwa na mmishenari anayeishi huko. Hakuna jengo, hakuna kengele, hakuna msimamizi, hakuna mshahara. Maandiko ya kutosha hawakuwa nayo. Kwa lugha yao kilichokuwepo ni ile Luka na vipande vichache. Ni mzee wa boma, watu wake, na kusali na kusoma, siku baada ya siku. Wamishenari na wasaidizi wao wa Kiafrika waliwatembelea mara moja moja, wakakuta jambo linaishi. Baadaye Abe Ngoa na wenzake wakafanya makao Fuladoyo, na kule watumwa waliotoroka kutoka mashamba ya pwani wakaanza kukimbilia. Sikiliza vizuri: walikimbilia kijiji cha watu waliokuwa wanasoma na kusali chini ya wenyewe kwa wenyewe. Mtu aliyetoroka bwana mmoja hatafuti bwana mwengine. Fuladoyo ilishambuliwa, na 1883 mmoja wa viongozi wake, David Koi, akauawa. Kanisa la Kianglikana Kenya linamhesabu kama shahidi wake wa kwanza.

Nikiweka Frere Town ya Streeter na Godoma ya Abe Ngoa mezani, kote kulikuwa na sala za kila siku. Tofauti haikuwa idadi ya sala, wala ufasaha. Tofauti ni nani alikuwa amepiga magoti. Streeter alikuwa mtu wa kuwasimamia watu wakisali. Abe Ngoa alikuwa anajifunza neno lilelile analofundisha, hajamaliza hata yeye, na watu wake wanamuona.

Hapa ndipo dadangu anaingia.

Unaikumbuka 2020. Tarehe 15 Machi Rais akatangaza shule zifungwe, makanisa yakafuata, kafyu ikaja, Aprili hakuna kuingia wala kutoka Mombasa, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Kila nyumba Magongo ilikuwa shule kwa lazima. Wengi tulikuwa shule ya mchezo tu, ukweli usemwe. Dadangu mkubwa alikuwa na wavulana wawili. Shemeji ni dereva wa trela, Mombasa mpaka Malaba, nyumbani anaonekana kwa msimu. Shule zilipofunguliwa yule mkubwa alirudi, lakini ana kigugumizi, na kwenye shule moja ya mtaani kigugumizi chake kikawa ndicho kichekesho cha darasa, mwalimu naye akicheka. Mtoto akaacha kuongea. Si kuongea darasani, kuongea kabisa. Mwaka ulipoisha dada akawatoa wote wawili.

Hakuwa na mpango wa kishujaa. Aliniambia alidhani ni muhula mmoja. Na sheria haiko upande wake waziwazi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na asipofanya hivyo kuna faini au jela. Kwa hivyo mbali na majirani kumsema, anaishi na wasiwasi kila akisikia chifu anapita plotini. Mama mmoja wa kanisa alimwambia hadharani kwamba anaficha watoto.

Alianza na sala ya saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu moja ya kawaida sana: watoto waamke. Yani ilikuwa kengele. Yeye amesimama na daftari, wao wamefumba macho, anawaombea kwa sauti wawe watiifu, waache kugombana, wamalize hesabu. Aliniambia hiyo miezi ya kwanza ndiyo ilikuwa mibaya kuliko yote. Alikuwa mwalimu, mpishi, askari, hakimu, na sasa na kuhani juu. Alipiga kelele kutwa. Usiku analia bafuni maji yakiwa wazi wasimsikie. Kiroho, anasema, alikuwa amekauka kama muhogo wa kukaanga, na sala zake zote zilikuwa za kuwatengeneza watoto.

Kilichobadilika ni kidogo mno hata naona aibu kukiandika. Asubuhi moja, siku iliyofuata baada ya kumchapa mdogo bila kosa, hakuweza kusali ile sala yake ya amri. Akapiga magoti kwenye mkeka pamoja nao, akamwambia Mungu mbele yao kwamba jana alikosea na kwamba amechoka. Basi. Kimya. Halafu yule mkubwa, yule asiyeongea, akaanza kumuombea mama yake. Kwa kigugumizi. Sentensi moja ilichukua muda wote wa uji kupoa, na hakuna aliyecheka, hakuna aliyemmalizia neno.

Tangu hapo sala yao ya asubuhi ina mzunguko, kila mmoja anaomba, na mama anaombewa kama wengine. Sidai kwamba kigugumizi kiliisha, bado kipo. Watoto bado wanagombana, hesabu za sehemu bado ni vita, na pesa bado ni ile ya shemeji akifika. Lakini dada ni mtu mwengine. Nilimuuliza sala inamsaidiaje, nikitarajia jibu la kimahubiri. Akasema: "Ile ndiyo dakika kumi pekee kwa siku ambayo mimi si bosi wa mtu."

Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nasikia tofauti ya Streeter na Abe Ngoa.

Najua mtaniambia dadangu ni mmoja, na wapo wazazi wanaotumia "tunasomea nyumbani na tunasali" kuficha uvivu, ama mambo mabaya zaidi ya uvivu. Ni kweli, na ndiyo sababu sikubaliani na wale wa upande wa pili wanaosema mzazi akishataja Mungu serikali isiulize kitu. Streeter naye alitaja Mungu. Iliyosaidia Frere Town ni watu wa nje kuingia na kuuliza maswali. Mtoto anahitaji kuonekana na macho mengine, na dada mwenyewe anasema angefurahi mtu wa elimu akija na daftari lake, akae, awapime watoto, aseme panapopungua. Anachoogopa ni mtu wa pingu.

Kuna mwengine nisingependa mkose kumjua, kwa sababu anavunja hii habari ya kwamba mambo haya ni ya Wazungu. William Jones alitekwa utumwani akiwa mdogo, akaokolewa, akapelekwa India, akasomeshwa kwenye mishenari karibu na Nasik, akajifunza uhunzi. Mwaka 1864 yeye na wenzake kina Ishmael Semler wakaletwa Rabai kumsaidia Rebmann. Waliitwa Waafrika wa Bombay. Mwaka 1885 Askofu Hannington akawapa Jones na Semler ushemasi. Mwaka huo huo Jones akafuatana na Hannington safari ya Uganda. Askofu akatangulia na kuuawa Busoga, Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani. Halafu akashika Rabai. Na Rabai yake ikajaa watoro. Walikuja kidogo kidogo kutoka mashambani, wakapewa kiwanja, wakaingia kwenye kusoma na kusali pamoja na watu wengine wa kijiji. Wenye watumwa walipokuja juu mwaka 1888 ilibidi kampuni ya Waingereza ya IBEA ilipe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 waliojificha kwenye mishenari za huku wakapewa hati za uhuru, sherehe ikafanyika Rabai. 

Rebmann hakuiona siku hiyo. Miaka yake ya mwisho Rabai alikuwa anapofuka, na alipoondoka 1875 alikuwa hawezi kwenda mahali peke yake. Waliomfuata kuja kumpokea kazi walimkuta kwenye nyumba yake, vitabu vimemzunguka asivyoweza kuvisoma. Aliyemshika mkono njia nzima, kutoka kilima cha Rabai mpaka melini, mpaka Ulaya, hakuwa Mzungu mwenzake. Alikuwa kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Baba yake ni Abe Gunja.